Karatasi ya Mwisho ya Mama wa Lokandu

Amisi alirudi Kindu mwezi wa saba mwaka huu, siku ya Alhamisi, jua likiwa utosini, na kitu cha kwanza nilichomtazama hakikuwa uso wake. Nilimtazama shingo. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, mzee mwenye mvi na goti moja bovu, akisema, “Zaituni, njo mimi,” yaani ndiye yeye, kana kwamba nilikuwa nimekaa miaka yote hii nikingoja uthibitisho. Uzi mweusi ulionekana chini ya ukosi wa shati lake. Nikamkaribisha, nikampa kiti, nikamwuliza habari za Kalima alikokuwa akiishi, habari za watoto, habari za njia, kama adabu inavyotaka, na muda wote huo macho yangu hayakutoka kwenye uzi ule. Majirani waliokuwa wakichungulia walidhani ni mapenzi ya zamani yanafufuka. Wacha wadhani. Mwanamume huyu alikuwa mchumba wangu, na katika mwaka ninaotaka kuusimulia aliniambia atarudi baada ya siku kumi. Hilo nilikwisha kulisamehe, au nilikwisha kulizoea, na kwa umri wangu sioni tena tofauti. Nisichosamehe ni kwamba aliondoka na karatasi, na karatasi ile haikuwa yake wala haikuwa yangu.

Sitawachosha na habari za nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani. Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nilikuwa mpiga mashine ya kuandika katika biro, ofisi ya garimoshi, na mji ulikuwa umefungwa kwa vita. Walioushika mji walikuwa ndani, waliokuwa wakiutaka walikuwa porini, na mashamba yetu yalikuwa huko porini. Aliyekwenda kung'oa mihogo huenda akarudi, huenda asirudi. Garimoshi lilisimama mpaka nyasi zikaota kati ya reli, na bandarini mashua zilikaa kwenye kamba zake bila mtu wa kuzipakia. Mkuu wa biro alipanda ndege na masanduku yake bila kutuambia kama tumeachishwa kazi au la, basi mimi niliendelea kwenda kila asubuhi. Nilipangusa vumbi kwenye mashine isiyo na utepe, nikakaa hadi saa sita, kisha nikarudi nyumbani na fomu chache za mizigo nimezificha ndani ya kitenge. Upande mmoja zilikuwa na mistari ya kuandikia magunia na mapipa. Upande wa nyuma zilikuwa nyeupe. Karatasi nyingine mjini haikuwepo. Ndiyo maana kitabu ninachokihangaikia hadi leo kimeandikwa mgongoni mwa mizigo ambayo haikusafiri.

Nilipanga kwa Bibi Salima, mjane wa mtaa wa Kasuku, na kwa kuwa nyumba ilikuwa na chumba kimoja kisichovuja, tulikigawana kwa pazia. Upande wake kulikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, na kabati ya mbao yenye mlango mmoja. Upande wangu kulikuwa na mkeka na dirisha. Tulikula sombe, majani ya mihogo. Asubuhi sombe, jioni sombe, imetwangwa na kupikwa bila mafuta, na chumvi yake ilikuwa ile ya kuchuja majivu ya majani ya mtoni, yenye uchungu unaobaki kooni. Bibi alikuwa akinipa sahani kwa mikono miwili na kusema, “Kula, mwanangu, leo iko na nyama,” na nyama haikuwepo, na nilitakiwa nicheke. Nilicheka kila mara. Hadi leo nikikaa mbele ya chakula kizuri huwa nasikia sauti yake ikinidanganya, na ninamshukuru kwa uongo ule kuliko ninavyowashukuru watu wengi kwa ukweli wao. Juu ya kabati, mahali pa juu kuliko vyote nyumbani, kulikuwa na kitabu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Kila Ijumaa alikishusha, akakibusu, akakigusa kwenye paji la uso, akakirudisha. Hakujua kusoma. Kitabu kilikuwa na herufi za Kiarabu, na hilo lilimtosha.

Ijumaa moja aliniambia, “Zaituni, wewe ulisoma chuo. Soma kidogo tu, nyumba ipate baraka.” Chuoni, yaani madrasa, tulifundishwa herufi na sauti zake, maana tuliwaachia walimu. Niliweza kutamka ukurasa mzima wa Kiarabu bila kuelewa neno hata moja, na ndivyo nilivyojiandaa kufanya. Nikafungua katikati, nikaanza kuunganisha herufi polepole, kwa sauti ya kisomo, na kinywa changu kikanishangaza kwa kutoa Kiswahili:

Macho yangu yakiwaka
usidhani nimechoka,
moshi wa samaki, kaka,
silii mimi kwa haya.

Nikanyamaza. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, viganja vimefunguliwa kupokea dua. “Endelea,” akasema. Nikamwambia, “Bibi, hii haiko Kurani. Ni mama mumoja anakausha samaki.” Viganja vyake vilibaki wazi. Kisha akauliza, “Samaki gani?”

Tulisoma mpaka jua likapinda. Aliyeandika alikuwa mwanamke wa Lokandu, kule mto unakoteremkia, mkausha samaki, na mumewe alikuwa amepanda mto kuja Kindu kutengeneza reli siku za wazungu, asirudi tena. Ndiyo habari yote. Lakini namna alivyoisema! Alimsema mume, akamsema nyapara, akawasema mashemeji waliokuja kudai vyungu, akaeleza jinsi ya kuchagua kuni na jinsi ya kumgeuza kambale asipasuke, na kila alipomaliza ubeti ilikuwa kama ameweka sahani mezani kwa kishindo. Bibi alikumbuka kwamba kitabu kililetwa na mama mkwe wake, aliyetoka Lokandu kwa mtumbwi, na kwamba mama mkwe alimwambia akitunze. Akakitunza. Kwetu karatasi yenye herufi zile haitupwi, haikanyagwi, haifungiwi karanga. Ikichakaa inafukiwa mahali safi, au inapelekwa mtoni penye kina. Hakuna anayeuliza kwanza imeandikwa nini, maana kuuliza kunaonekana ni utovu wa heshima. Nimesikia kwamba mahali pengine waandishi husahauliwa kwa kudharauliwa. Wa kwetu tuliwasahau kwa kuwaheshimu kupita kiasi. Tuliwabusu, tukawaweka juu, tukawazika, na hakuna aliyewasoma. Sijui mto wa Lualaba umemeza mashairi mangapi kwa adabu.

Katika kugeuza kurasa niliona pengo. Karatasi nyingi za katikati hazikuwepo. Uzi wa kushonea ulikuwa umelegea, na zile zilizobaki zilicheza. Nilipomwuliza, Bibi alionyesha kwa kidevu upande wa ukuta. Nyuma ya ukuta ule wa udongo aliishi Mwalimu Ramazani, mtengeneza hirizi. Miaka ya amani mwalimu huandika hirizi mpya, kwa wino wake na karatasi yake. Mwaka ule wino ulikwisha na karatasi ikakwisha, na watu wa kuogopa wakaongezeka. Kila kijana aliyetaka kutoka mjini na baiskeli alitaka kwanza kitu cha kuvaa shingoni. Basi Mwalimu alikuwa akimwomba Bibi karatasi moja moja za kitabu, naye alitoa, akiamini anatoa baraka kwa watoto wa watu. Nikakumbuka sauti niliyokuwa nikiisikia kila alasiri kutoka upande ule, sauti ndogo ya mkasi, kisha ya sindano ikipenya ngozi. Nilikuwa nikiipenda. Ilinifanya nijisikie kwamba mtu fulani mjini bado ana kazi.

Kesho yake niliisikia tena, na niliposikia sauti ya Mwalimu dirishani ikisema, “Bibi Salima, leta ingine, iko watoto watatu wanangoja,” nilikimbia nikasimama mbele ya kabati. Bibi alinitazama mimi, akatazama dirisha. Akasema, “Mwalimu, imekwisha.” Ulikuwa uongo mtupu kutoka kinywa kilichotoka kuswali, na ninaamini aliandikiwa thawabu. Siku hiyohiyo nilitoa fomu zangu za mizigo nikaanza kunakili, kutoka mwanzo, kwa herufi za shule, zile za kizungu, ili asomaye yeyote asome. Wino wa kitabu ulikuwa umefifia, nukta nyingi zimefutika, na ukurasa mmoja ulinichukua asubuhi nzima. Nilifanya kazi pale mkekani chini ya dirisha, na ninasema bila haya kwamba tumbo tupu halikuniuma nilipokuwa nikiandika. Lilisubiri nimalize ndipo liniume.

Bibi ndiye aliyeita wanawake. Walikuja na vinu vyao kutwanga sombe uani kwetu, nami nikawasomea nilichonakili. Mara ya kwanza hawakujua kama inaruhusiwa kucheka, maana walijua kilikotoka. Kisha niliposoma habari ya shemeji aliyedai chungu akakuta kimejaa majivu, mmoja alicheka, wakacheka wote, mchi ukasimama. Mwanamke aliyekuwa hajasema neno tangu mwezi uliopita alisema, “Mama ile nilimujua. Njo shangazi yangu huyu.” Hakumjua, mama yule alikufa zamani, lakini hakuna aliyembishia. Baada ya siku chache walikuwa wakitwanga na beti kinywani. Mji umefungwa pande zote, wenye bunduki wanapita barabarani, na uani kwetu wanawake wanamtukana nyapara aliyekufa kabla hawajazaliwa. Tulijua tunamtukana nani.

Kulikuwa na jirani mmoja, Mama Feza, ambaye hakucheka. Mwanawe mkubwa alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya wenye silaha, naye mwenyewe alivaa hirizi aliyoshonewa siku ileile aliyoshonewa mwanawe, kutoka karatasi moja iliyokatwa mara mbili. Siku moja alibaki nyuma ya wenzake. Akavua ile hirizi, akaiweka gotini kwangu. “Na hii yangu inasema nini?” Niliiangalia bila kuigusa. Ningeweza kusema ni aya, angeamini, angelala vizuri. Nikamwambia, “Mama, nikifungua, sitakudanganya.” Akasema, “Njo sababu nimekuletea wewe.” Nikafungua mshono kwa wembe, nikanyoosha karatasi, nikasoma:

Moto wa samaki mwema
si wa kuruka, kuvuma,
ni wa chini, wa kuhema,
usioogopa baya.

Mama Feza aliomba nirudie, nikarudia. Akatazama jiko letu, lililokuwa na makaa mawili matatu chini ya majivu. “Mama ile alijua moto,” akasema. “Inatosha. Shona tena.” Nilinakili ubeti ule, nikaukunja vilevile ulivyokuwa, nikaushona kwa uzi wa kitenge changu. Nilipomvalisha nilikaza fundo mara mbili, maana nilikuwa nimeogopa kumwondolea mtu kitu cha pekee alichobaki nacho, na sasa alikuwa anaondoka nacho akijua ni nini.

Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyopata namna yake. Wanawake walileta hirizi zao, za waume zao, za watoto wao. Walizileta kimyakimya chini ya majani ya sombe. Nilifungua, nikanakili, nikashona. Kila mtu aliulizwa kwanza kama anataka kusikia. Wapo waliosema, “Nakili, lakini usiniambie,” na sikuwaambia. Vipande vilirudi katika kitabu kimoja kimoja, nusu ubeti leo, nusu yake baada ya wiki kutoka shingo nyingine. Mwalimu Ramazani alipopata habari aliniita barazani kwake. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole vilivyotobolewa na sindano. Akaniambia, “Binti, uko unafungua ulinzi ya watu.” Nami nilikuwa na hasira niliyoiandaa siku nyingi. Nikamwambia, “Mwalimu, ulikata bila kusoma.”

“Nilisoma,” akasema. Akaniangalia usoni. “Nilisoma yote. Mama ile alijua kusema. Lakini mutoto akikuya hapa anatetemeka, haniombi shairi. Ananiomba woga itoke. Karatasi haiko, wino haiko. Wewe ungefanya nini?”

“Ningenakili kwanza,” nikamjibu, nikiwa nimeinua kidevu. Alitabasamu kwa upande mmoja. “Basi, nakili,” akasema, akarudi kwenye ngozi zake. Hakunipa baraka wala hakunizuia tena.

Lazima sasa niseme la Amisi, na nitalisema kama lilivyo. Alikuwa akifanya kazi ya kuunganisha mabehewa. Barua ya uchumba ilikuwa imekwisha kuletwa na kujibiwa kabla ya vita kutufikia. Wiki mbili baada ya mimi kumwinulia Mwalimu kidevu, Amisi alikuja alasiri na baiskeli iliyofungwa mzigo. Wenzake watatu walikuwa wakimngoja barabarani; walikuwa wamepata mtu wa kuwapitisha, na wangekwenda Kalima kutafuta chumvi na sabuni. Alikuwa ametoka kwa Mwalimu mikono mitupu. Alikaa kwenye kizingiti, mtu mkubwa mwenye nguvu, na goti lake lilikuwa likirukaruka lenyewe. “Zaituni, siwezi kupita mule pori hivi,” akasema. Nikamwambia hirizi ni karatasi tu, na yeye anajua kuwa najua. Akasema, “Nipe karatasi tu, basi. Siku kumi ninakurudishia.” Bibi hakuwepo. Nikapanda kwenye kiti, nikashusha kitabu. Nilikuwa nimefika katikati katika kunakili, mwisho ulikuwa bado mbali. Karatasi ya mwisho ilikuwa imeandikwa nusu, na chini yake kulikuwa na nyota iliyochorwa kwa wino mwekundu. Ilionekana takatifu kuliko zote. Sikuisoma, ingenitaka asubuhi nzima, na barabarani walikuwa wakipiga mluzi. Nikaikata kwa wembe uleule. Nikaikunja mara nne, nikaishona ndani ya kipande cha mkoba wangu wa ngozi, nikamfunga shingoni, na goti lake likatulia. Mimi niliyewaringia watu kwamba ningenakili kwanza, sikunakili. Nilikuwa nampenda, na sikutaka afe. Mwalimu angeelewa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Bibi Salima hakujua kusoma, lakini alijua uzito wa kitabu chake. Ijumaa alipokibusu alikigeuza, akapapasa nyuma kwa kidole gumba. “Umekata wapi?” akauliza. Nikasema mwisho. Akaketi kitandani taratibu. “Mwisho njo fasi ya jina, njo pale jina inakaa,” akasema. “Mama mukwe wangu alinambia hivi: mwenye kitabu anajitaja ku mwisho, siku mutafika pale mumusalimie.” Sikuwahi kuuliza kwa nini mama yule hajitaji, na yeye hakuwahi kufikiri kwamba sijui. Hakunigombeza. Aliniambia tu, “Umemupa muntu wako jina ya yule mama imulinde. Sasa uombe Mungu jina irudi.” Kisha akanipa sahani ya sombe kwa mikono miwili, na siku ile hakusema kuna nyama.

Siku kumi zikapita, zikapita nyingine. Mwaka ulipokwisha na njia zikaanza kufunguka, watu wa Kalima walileta habari: Amisi yu mzima, anachimba kasiterite, mawe ya bati, na ameoa. Hirizi ilimkinga na risasi za njia nzima, lakini hakuna aliyeiandika kumkinga na mwanamke wa Kalima. Nilimtumia watu. Sikudai ndoa, nilidai karatasi. Jibu lilikuja kwamba bila hirizi ile hawezi kuingia shimoni. Mwanawe Mama Feza hakurudi kamwe, na yeye anaivaa yake mpaka leo, na ubeti wake anaujua kwa moyo. Bibi Salima alifariki kabla ya nyasi kung'olewa kwenye reli. Wazee walitaka kitabu kizikwe, kwa heshima yake. Nilikitia sandukuni mwangu, nikaketi juu ya sanduku mpaka maiti ikatoka. Wakasema ninakufuru, ninakalia maneno ya Mungu. Nikawaambia ninakalia samaki, na yeyote anayebisha aje asome.

Tangu hapo nimeishi na kitabu kisicho na mwenyewe. Nilikipiga upya kwenye mashine utepe ulipopatikana, nikakitoa nakala, nikakisoma redioni hapa mjini Jumamosi baada ya matangazo ya vifo. Wasichana wa shule wanakirekodi kwenye simu zao na kutumiana. Nimemsikia muuza samaki wa Alunguli, ng'ambo ya mto, akimjibu mteja kwa ubeti wa mama wa Lokandu bila kujua ametoa wapi. Kuna bwana mmoja alikuja na semina kutoka Kinshasa, akapenda kitabu, akataka kukichapa vizuri. Akaniambia kwenye jalada tuweke jina langu, maana bila mimi kisingekuwepo. Nikakataa. Basi, akasema, tuandike kwamba mtunzi hajulikani. Nikamwuliza, hajulikani na nani? Alijulikana na mumewe, na mashemeji, na nyapara, na wote walionunua samaki wake. Mimi ndiye niliyempoteza, tena najua siku na saa. Nikamwambia aache mstari mtupu juu ya jalada. Akaona nina kichwa kigumu, akaondoka. Kwenye kila nakala niliyotoa mstari ule upo, na watoto wakiuliza wa nini, ninawaambia kuna mtu tunamngoja.

Kwa hiyo Alhamisi ile, baada ya Amisi kunywa chai na kuanza kuzungukazunguka kuelekea neno la kuniomba radhi, nilimkatiza. Nikamwambia, “Amisi, vua.” Alishika uzi kwa mkono. “Imenilinda, Zaituni. Shimo mbili zilianguka na mimi nikatoka. Ukifungua, iko nini itanilinda?” Nikamwambia, “Wewe mzee sasa. Unataka kulindwa na nini?” Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Alitazama chini, na nikaona goti lake bovu linarukaruka, goti lilelile. Hasira yangu ikapungua, siyo yote. Nikamwambia kama nilivyomwambia Mama Feza: nikifungua sitakudanganya. Akavua.

Mshono ulikuwa wangu, uzi wa kitenge, umekuwa mweusi kwa jasho. Ngozi ilikuwa ngumu. Karatasi ilitoka na mikunjo yake minne, kingo zimeliwa, lakini ndani, jasho halikufika. Nyota nyekundu ilikuwepo. Nilivaa miwani, nikaunganisha herufi polepole, kwa sauti ya kisomo, kama Ijumaa ile:

Aliyepanda mtoni
akaniacha moshini,
akirudi, mwambieni
nimekwisha kula, haya.

Amisi aliinama akaitazama karatasi. “Nilivaa hii?” akauliza. Nikamwambia, “Miaka yote.” Alianza kucheka, au nilidhani anacheka, alijifuta macho kwa kofia. Nami sikumfariji, maana nilikuwa nimekwisha kuuona ubeti wa chini yake, nikausoma:

Mwamvua binti Katambwe,
nisitupwe, nisikumbwe,
jina langu na liimbwe,
mwisho wa maneno haya.

Bibi Salima aliagiza tukifika pale tumsalimie. Nilisimama, mwanamke mzima mbele ya kipande cha karatasi, nikasema, “Salamu alekum, Mama Mwamvua.” Amisi naye akasimama kwa goti lake bovu, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili ya mama yule, akainua mkono kuvua kofia ambayo hata hakuwa ameivaa.

Aliomba nimshonee hirizi, aende nayo. Nilichukua fomu moja ya mizigo, bado ninazo chache, nikaandika beti zile mbili kwa herufi za shule, nikazikunja mara nne, nikashona. Karatasi yenyewe ilibaki mezani kwangu. Nilipomfunga shingoni nilimwambia sitamwacha aondoke bila kulisema jina. Alisema, “Mwamvua.” Nikamwambia, lote. Akasema, “Mwamvua binti Katambwe.” Alipofika barabarani, majirani wote wakitazama, nilimwita kutoka mlangoni alirudie, kwa sauti, na akalirudia.